Pua Niliyolitia Gari la Rukia

Mkiniona nimekaa mlangoni pa jengo letu hapa Ganjoni nikitazama magari yanayopita, msidhani nina hamu ya kurudi kazini. Natazama pua. Siku hizi magari ya umeme yameanza kuonekana mjini, na kila moja likipita hulitazama pua yake, kisha nasonya. Mke wangu keshazoea.

Juzi jirani yetu wa ghorofa ya pili, kijana mstaarabu afanyaye kazi benki, alileta la kwake jipya. Akaniita nilione kwa kuwa amesikia nilikuwa fundi wa bodi. Akafunua boneti kwa fahari. Chini yake palikuwa na sinia la plastiki, mwavuli na pakiti mbili za tende. Mbele, mahali pa grili, ule wavu unaoingiza upepo kupoza injini, pameumbwa grili kamili na vyuma vyake vyote. Lakini imezibwa. Hata sisimizi hapenyi.

"Waonaje, Mzee Athmani?" akaniuliza.

"Ni zuri," nikamwambia. "Ila hizo tende hazitapata upepo."

Akacheka, kisha akaniuliza lile swali ambalo nyinyi vijana mmekuwa mkiniuliza tangu niache kazi. Ikiwa injini imeondoka, mbona gari limebaki na umbo lile lile? Nilimjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikumhusu. Nyinyi nitawajibu kwa urefu. Mimi mwenyewe niliunda pua moja tupu ya namna ile kwa mikono yangu, na pua hiyo ndiyo iliyonitenga na mwanangu.

Nimenyoosha bodi za magari miaka arobaini na ushei, mingi yake katika gereji moja upande wa Mbaraki. Aliyenifundisha ni Mzee Taherali, Mhindi mmoja mwembamba wa Kibohora ambaye kofia yake yenye ukingo wa zari hakuivua hata akiwa chini ya gari. Mwaka mzima wa kwanza hakunipa nyundo. Alinipa kitambaa cha pamba. Unakilaza juu ya mlango wa gari, unaweka kiganja juu yake, unafumba macho, kisha unapitisha mkono polepole. Kiganja kitupu hushikana na rangi kikakudanganya. Kitambaa kikiteleza katikati, kila kibonde utakisikia, hata kile ambacho jicho halikioni. Nawapa hilo bure. Mafundi wa siku hizi wanapaka puti, ule udongo wa kuzibia vibonde, mpaka gari linazidi uzito, halafu wanajiita mafundi.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutafuta ndugu. "Tafuta ndugu yake," ndivyo alivyokuwa akisema. Gari likiletwa madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, yamebonyea, hatukuligusa mpaka mmoja wetu azunguke mjini atafute gari la aina ile ile lililo zima, amwombe mwenyewe ruhusa, apime kwa uzi, na akate kadibodi kufuata umbo lake. Hiyo kadibodi ndiyo iliyokuwa sheria. Unarudi nayo gereji, unagonga bati mpaka lilale juu yake bila mwanya.

Mimi siku moja nikafanya haraka. Tulikuwa na gari la mwalimu mmoja wa shule, limegongwa madigadi ya kushoto. Nikaona ndugu yake ameegeshwa nyuma ya Biashara Street, nikapima, nikakata kadibodi, nikarudi mbio. Sikukipitisha kitambaa. Kumbe yule ndugu naye alishawahi kugongwa akanyooshwa na fundi hovyo. Nikagonga siku mbili, nikapiga msasa, nikapaka rangi, kazi ikang'aa. Mwalimu akaja, akalizunguka gari lake mara mbili, akavua miwani, akaifuta.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuletea gari lililogongwa."

"Naam, mwalimu."

"Nawe umenigongea tena, ila mara hii kwa ustadi."

Mzee Taherali hakunitukana. Aliniamuru wiki nzima nile chakula cha mchana nimekaa mbele ya yale madigadi, nikiyatazama. Mpaka leo nikila mahamri nakumbuka kile kibonde.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo ubaya wangu ulipoanzia. Fundi wa bodi hasifiwi kwa alichokiunda. Husifiwa mtu akitazama asione kwamba fundi amepita. Kazi yangu ya miaka yote hiyo ilikuwa kurudisha. Nilirudisha maboneti, nikarudisha milango, nikarudisha mabuti ya nyuma yaliyokunjwa na malori. Wala sikujiuliza hata siku moja kama umbo ninalolirudisha lina haja yoyote. Nililikuta hivyo, nikaliacha hivyo, watu wakaniombea dua kwa kazi nzuri.

Rukia ni mwanangu wa pekee. Alisomea mambo ya umeme chuoni, kisha akafanya kazi mahali pa kutoa injini za tuktuk na kutia betri. Wakati huo tulikuwa tukiishi Kuze, mtaa wa vichochoro, kwenye nyumba ya wazee wangu, kabla ya kuhamia huku kwenye ghorofa. Mama yangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, tulimtoa nyumbani kwa kumkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumbeba watu wanne mpaka barabarani, kwa kuwa hakuna gari lililoweza kupinda kona ya kichochoro chetu. Rukia alishika mguu mmoja wa kiti kile. Nadhani gari lake lilianzia hapo.

Nilipostaafu, haukupita mwezi akanijia na kipande cha chaki. Akapiga magoti uani akaanza kuchora kwenye sakafu, ukubwa wa kweli, urefu kwa upana.

"Baba, niambie. Pua ya gari ni ya nini?"

"Ya injini."

"Na kama injini haiko?"

"Ya rejeta."

"Rejeta yapoza nini?"

"Injini."

"Basi," akasema, na akaendelea kuchora.

Sikukubali kirahisi. Nilimwambia kwamba pua huokoa miguu ya watu. Nimeletewa magari yaliyogongana barabara kuu, pua imejikunja yote mpaka kwenye kioo, na dereva yuko nje amesimama anaelekeza nilinyooshe vipi. Hilo nalijua kwa macho yangu, na kama mnataka kwenda Nairobi kwa gari, nendeni na gari lenye pua.

"Hao walikuwa wakienda mwendo gani?" akaniuliza.

"Wa barabara kuu."

"Na Kuze mtu huenda mwendo gani?"

"Wa mguu. Ukikutana na mkokoteni, chini ya hapo."

"Basi nitalifunga lisipite mwendo wa baiskeli. Na mbele ya miguu ya dereva utanitilia bomba la chuma, wewe mwenyewe, upendavyo."

Hoja yangu ilikuwa ya kweli, na jibu lake lilikuwa la kweli. Shikeni kwamba nilikubali, kwa sababu baadaye niliirudia hoja ile ile hali najua imeshajibiwa.

Nilimuuliza pia, kama jambo ni jepesi hivyo, kwa nini viwanda vikubwa vyenye wasomi wao haviondoi pua? Akanieleza bila dharau. Kalibu za kukandia bati ni ghali mno, na kiwanda kikishazinunua kwa gari la petroli kitataka kuzitumia mpaka zichakae. Magari mengine bodi ni moja, mnunuzi akitaka petroli atiwa petroli, akitaka umeme atiwa umeme. Tena kuna sheria za ajali zilizoandikwa kwa umbo lile. Kuna upepo wa mwendo kasi, ambao haujali gari linatumia nini, wataka tu lipite kwa ulaini. Na aliyemo ndani ni binadamu yule yule, ana mgongo na magoti, na lazima akae kitini atazame mbele. Betri nazo zikilazwa chini ya sakafu, gari linainuka kidogo, basi wanaliuza kama gari la milimani.

"Hizo ni sababu za haki," akasema. "Lakini iko moja imezipita zote. Mnunuzi yuaogopa kuchekwa."

Nikamwambia watu wa Mombasa si waoga hivyo. Mola anisamehe.

Tuliliunda miezi minane, katika ghala la rafiki yangu kule Mbaraki. Mambo yalisimama hivi, nayo nayaeleza wazi ili msinionee huruma baadaye. Kiwanda kimoja cha magari huko ng'ambo kilishamwita Rukia kazini. Aliwaomba wamngojee. Bwana Swaleh, mfanyabiashara wa vitambaa Biashara Street ambaye nyumba yao iko Kuze, hatua chache na petu, alikuwa ameahidi kulichukua gari la kwanza, akilipenda, kwa ajili ya kupelekea marobota dukani na kumpeleka mamake hospitali. Swaleh akichukua, wengine wangefuata, maana pale Biashara Street mmoja akibadilisha pazia la duka, mtaa wote wabadilisha. Gari likikubaliwa, Rukia angebaki Mombasa aunde mengine. Likikataliwa, angeondoka.

Lilikuwa gari fupi. Mbele limeviringwa tu, dereva yuko karibu na kioo, aona mpaka ncha za viatu vya anayepita. Milango yake ilisukumwa kwa ubavuni, kwa sababu kichochoroni ukifungua mlango kwa nje unagonga ukuta wa watu. Sakafu ilikuwa chini kabisa, betri zimepangwa chini ya viti. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na ndugu wa kupima. Rukia ndiye aliyekata kadibodi, kutoka kichwani mwake, akaniletea. Kuna asubuhi nilishika nyundo na mkono usijue uende wapi. Niliogopa, mtu mzima mimi. Lakini bati lilipokubali ule mviringo wa mbele, nikafumba macho na kupitisha kitambaa, sikusikia kibonde hata kimoja, na nilifurahi kwa furaha ambayo miaka arobaini ya kurudisha haikuwahi kunipa.

Siku ya kulijaribu tuliingia nalo Kuze baada ya swala ya alasiri. Kwenye ile kona likapinda mara moja, bila kurudi nyuma. Tukasimama mlangoni kwa kina Swaleh kwenyewe. Mamake, Bi Zuhura, miguu ilikuwa imeshamkataa, atembea kwa mkongojo. Rukia akausukuma mlango wa gari, na Bi Zuhura akaingia akakaa.

"Nimeingia kama niingiavyo ukumbini kwangu," akasema. "Wala sikupandisha buibui. Hebu nizungushe, mwanangu."

Akazungushwa. Tuliporudi mlangoni hakushuka. Akasema azungushwe tena, hakuona vizuri upande wa pili.

Mngefikiri hapo kazi imekwisha. Lakini hapa petu mtu hanunui gari kwa kulipanda. Hununua kwa kufunua boneti. Lazima boneti lifunuliwe, wanaume wanne waingize vichwa, watatu kati yao hawajui wanachokitazama, kisha mmoja agune aseme, "Iko sawa." Bwana Swaleh akaja na wanaume wake wanne. Wakalizunguka. Wakalizunguka tena.

"Lafunuliwa wapi?" mmoja akauliza.

"Hakuna cha kufunua, ami," Rukia akamjibu. "Betri ziko chini ya viti. Mota iko nyuma."

"Kwa hivyo hapa mbele hapana kitu?"

"Hapana hata hapo mbele penyewe," mwingine akasema, na wote wakacheka. Waliokaa barazani wakadakia. Mmoja akamuuliza Swaleh kama amenunua friji, na kama ni friji, samaki kilo vipi. Swaleh akacheka pamoja nao, lakini nilimwona shingo imemsinyaa.

Siku iliyofuata Rukia na mamake wakaenda Malindi. Shangazi mmoja wa mke wangu alikuwa amefariki, na ilibidi wakae mpaka hitima. Mimi nilikuwa nimekwenda kuzika nikarudi. Nilikuwa peke yangu ghalani Swaleh alipokuja, bila wale wanne.

"Athmani, gari nalitaka," akasema. "Mama yuwalipenda, hanipi raha. Lakini nitilie kitu mbele, yakhe. Pua ndogo tu. Watu wanifanyia mzaha mpaka msikitini."

"Ndani yake mtakuwa na nini?"

"Chochote. Nani atauliza?"

"Mwenye gari ni Rukia."

"Wewe ndiwe babake. Tena wewe ndiwe fundi." Akanitazama. "Kwani wewe hawakucheki?"

Walikuwa wakinicheka. Nisiwafiche. Watu walionijua miaka arobaini kwa kazi safi walikuwa wakinishika mkono baada ya swala na kuniuliza, "Fundi, hata wewe?" Mmoja alisema uzee umenipata kabla ya wakati. Nilikuwa nimeanza kupita ndia ya nyuma kwenda msikitini. Nilikuwa na aibu ya gari la mwanangu, gari lile lile lililonifurahisha, na sikuwa nimemwambia mtu. Swaleh alipouliza, nilimjibu kwamba kweli, hata kwa usalama, pua huokoa miguu.

Basi nikafanya nilichokizoea. Nikatoka kulitafutia ndugu. Nikalipata gari moja dogo la zamani limeegeshwa karibu na duka la Swaleh, nikamwomba mwenyewe, nikapima kwa uzi, nikakata kadibodi. Mara hii kitambaa nilikipitisha. Boneti nikalitoa kwa wauza vyuma chakavu, na grili pia, na nikayaunga na bodi ya Rukia kwa siku tatu. Nataka kusema nilifanya vibaya, lakini uongo sitaki. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Mshono hauonekani. Ungeapa gari lilizaliwa na pua yake.

Rukia aliporudi alikuja ghalani na buibui lake la safari, mkoba bado begani. Akasimama mlangoni. Kisha akaja polepole akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha mpaka kwenye mshono, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. Akalifungua. Akatazama ndani, chini hadi sakafu ya ghala.

"Nani amekwambia utie?"

"Bwana Swaleh. Hataki kulichukua bila pua. Na usalama pia, mamangu, wajua watu wakigongana, pua..."

"Baba. Hilo tulishalizungumza."

Akalifunga boneti.

"Ulikuwa ukiona haya?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Kama angepiga kelele ningepata la kumjibu, maana mzazi akipigiwa kelele huwa na haki. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta taa ambazo zilikuwa safi.

Tukalipeleka Kuze. Kwenye kona halikupinda. Rukia alirudi nyuma, akaja mbele, akarudi nyuma, mara tano, na mara ya tano grili ikaparuza chokaa ya nyumba ya watu, mwenyewe akatokea dirishani kutazama. Bi Zuhura alikuwa keshatoka nje, amesimama mlangoni kwake na mkongojo wake, atungojea. Alipoona hatufiki, akaanza kutembea kutujia. Kutoka pale mpaka kwenye kona alipumzika mara mbili.

"Si lilikuwa lafika mlangoni?" akauliza alipotufikia.

Rukia alishuka akamshika mkono akamwingiza. Mimi nilikuwa nikipangusa chokaa kwenye grili.

Bwana Swaleh alifurahi mno. Kwa kuwa gari halikuingia kichochoroni, alikuwa akiliegesha barabarani ambapo kila mtu aliona. Wale wanne wakaja, boneti likafunuliwa, vichwa vikaingia, wakaitazama lami ya barabara kupitia tundu tupu, na mmoja akaguna akasema iko sawa. Nilikuwepo, nimesimama nao. Mwezi haukuisha, wafanyabiashara watano wengine wa mtaa ule walitaka na wao watengenezewe.

Nilikwenda nyumbani karibu nikimbie. Nilidhani nimemwokoa. Nilidhani atacheka, aseme, Baba, ulikuwa na akili kuliko mimi.

"Wataka matano," nikamwambia. "Hata hujaanza kutafuta watu, wataka matano."

"Wataka yapi?"

"Kama lile la Swaleh."

Alikuwa akikunja nguo. Akamaliza kanzu aliyokuwa ameishika, akaiweka.

"Hilo ni lako, Baba," akasema. "Wajua kuliunda. Waundie."

Sikuunda hata moja. Si kwamba nilikataa kwa ushujaa, hapana. Nilikata bati la kwanza, nikakaa nalo siku nzima, nikalirudisha kwa wenyewe nikasema macho hayaoni vizuri. Wale watano wakanunua magari ya kawaida. Rukia aliondoka kabla ya Ramadhani. Kwenye uwanja wa ndege alimkumbatia mamake muda mrefu, mimi akanibusu mkono kama inavyotakiwa.

Sasa nyinyi mwaja hapa mwaniuliza kuhusu viwanda. Wenye viwanda wana lao, nimewaeleza, na sababu nyingine ni za haki. Lakini msiwabebeshe wao peke yao. Kuna mahali gari lilikuwa na haki ya kuwa na umbo jingine. Mwendo ulikuwa mdogo, kichochoro kilikuwa chembamba, bibi kizee alikuwa ameingia akakaa akapenda. Lilikuwa limeshaundwa tayari. Na hakuna kiwanda kilicholiharibu. Nililiharibu mimi, ninayejua bati kuliko wote waliocheka, kwa sababu nilichoka kupita ndia ya nyuma kwenda msikitini. Nikiwaona vijana mnashangilia pua za magari mapya, hasira inanipanda, na hasira hiyo nusu yake ni yangu mwenyewe. Nusu nyingine chukueni.

Rukia hupiga simu kila Ijumaa. Huongea na mamake kwanza. Mimi hunisalimia, shikamoo, marahaba, ataka kujua presha yangu, atamani samaki wa kupaka, basi. Mambo ya kazi hatuyagusi. Miaka yote hii sikuwahi kujua hata ni sehemu gani ya kiwanda amewekwa.

Ijumaa iliyopita alimaliza kunijulia hali, nikadhani atakata. Hakukata.

"Baba, nina swali la kazi," akasema.

Nikamwambia aulize.

"Hapa niko kwa wanaochora sehemu ya mbele. Kuna gari jipya, la umeme, na mbele hamna kitu kabisa. Wakubwa wataka mtu akilitazama aone kama mna injini kubwa. Nikichora laonekana jepesi. Nimechora mara nyingi na wote wanarudisha. Lile la Bwana Swaleh wale wazee walitazama tundu, na bado waliamini. Ulifanyaje?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu mwenye kazi mezani. Nilingoja nisikie kama ananisuta. Hakuwa akinisuta. Alikuwa akitaka kujua.

Ningeweza kumwambia sikumbuki. Lakini nilikuwa nakumbuka kila pigo. Nikamwambia ainue mistari miwili kutoka chini ya kioo mpaka juu ya taa, na katikati yake pavimbe, upana wa vidole viwili, usizidi, maana ukizidi mtu atashtuka. Kwa ndani abandike kitu kizito, mimi nilitumia gunia lililopakwa lami, ili mtu akigonga asisikie mlio wa bati tupu. Na boneti lenyewe liwe gumu kidogo kufunga. Mtu akilifunga kwa nguvu huondoka ameridhika.

Akaniomba nirudie kipimo cha vidole. Nikarudia, na nikamsikia anaandika. Katika kazi yangu yote ya miaka arobaini, hilo ndilo jambo la pekee ambalo mwanangu amewahi kuniomba nimfundishe.